Mstari wa Arobaini na Moja

Siku ya kumi na moja ilikuwa imeingia, na sayari ya Wade Petrich bado ilikataa kulizunguka jua kama sayari nyingine zinavyolizunguka. Ilianza vizuri. Ikapiga raundi ya kwanza, ikapiga ya pili, halafu ikaanza kujitanua. Raundi ya tano ilikuwa pana kuliko ya nne, ya kumi ilitoka kabisa nje ya grafu. Pale chini ya kioo cha laptopu, nishati ambayo ilitakiwa kubaki ileile kutoka mwanzo hadi mwisho ilikuwa imepotoka kwa asilimia arobaini na tatu. Aliiendesha tena programu, labda safari hii kompyuta ingemwonea huruma. Asilimia arobaini na tatu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa nne, na theluji ya Galena Flats ilikuwa imeshageuka tope. Ripoti ya maabara ilitakiwa Jumatatu saa sita mchana.

"Bado tu?" aliuliza Janelle, mkewe. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, aproni ya dukani mkononi.

"Inatoroka."

"Nani?"

"Sayari."

Janelle akaja akainama begani kwake, akazitazama zile duara zilizokuwa zikijikunjua kwenye kioo. Alisema zinapendeza. Wade akamjibu kwamba kazi ya sayari si kupendeza, kazi yake ni kurudi pale ilipoanzia, na akalisema hilo kwa ukali ambao hakuukusudia. Janelle alikuwa anakwenda kusimama saa nane nzima kwenye sehemu ya mikate ya supamaketi, hakuwa na muda wa kununa. Akamkumbusha kwamba kuna pai ya nyama kwenye jokofu na kwamba daktari alimwambia ainuke kila baada ya nusu saa, si akae hapo mpaka kiuno kigande.

"Darasani kwenu hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza?"

"Wapo."

"Basi waulize. Hawatakula."

Akasema atawauliza. Mlango ukafungwa, gari lao pekee likaondoka, na nyumba ikabaki na mngurumo wa jokofu.

Wapo, alisema, na kweli walikuwepo, kumi na tisa kwa hesabu. Yeye alikuwa wa ishirini, na umri wake ulikuwa miaka arobaini na minne. Mwanawe Cody, anayefanya kazi ya umeme kule Spokane, aliwazidi umri karibu wote. Walimwita mzee, na wala si kwa kumdharau. Wangemdharau angejua la kufanya, maana miaka kumi na tisa ya mgodini ilimfundisha kurudisha neno kwa neno. Hawa walimheshimu. Walimpisha mlangoni, walimsogezea kile kiti chenye mgongo laini kwa sababu ya mkanda wa daktari aliofunga kiunoni, kisha walirudi kwenye meza yao ndefu wakaendelea na mazungumzo yao, naye akabaki kwenye kiti chake kizuri karibu na dirisha.

Wiki ya pili ya muhula, darasa lilihamishiwa chumba kingine na Wade akakaa dakika ishirini peke yake kwenye chumba kitupu. Alipowapata hatimaye, alimuuliza msichana wa mbele yake, Kenzie, walijuaje.

"Aa, mzee, pole," alisema Kenzie. "Tuliambiana kwenye kundi."

"Kundi gani?"

"La simu. La darasa."

Wade akangoja aseme, nipe namba yako nikuingize. Pengine na yule msichana alikuwa anangoja yeye aombe. Profesa akaanza kufundisha, na jambo likaishia hapo. Baadaye hakuweza tena kuliomba. Mtu aliyeendesha lori la mgodini la tani mia mbili, leo amwombe binti wa miaka ishirini amwingize kwenye kundi la simu? Aliona haya. Tuseme ukweli wote, haya ilikuwa kubwa kuliko upweke, na upweke wenyewe ulikuwa mkubwa.

Ada yake ililipwa na mfuko wa wafanyakazi walioumia kazini. Masharti yalikuwa mafupi: kila somo apate C au zaidi, na hakuna kurudia. Kila mwisho wa mwezi alipita kwa maprofesa wake na fomu ya kijani ili wamtilie saini kwamba alihudhuria, kama mtoto aliyetoroka shule, na kila mwisho wa mwezi Bi Teasdale wa mfuko aliipokea fomu hiyo bila kuinua macho. Kwenye mtihani wa kwanza wa Fizikia ya Kompyuta alipata hamsini na moja, wa pili sitini na nane. Ripoti hii ilibeba moja ya tano ya alama zote. Akifeli somo, mfuko unajitoa, na Bi Teasdale alishamwonyesha kazi waliyomwekea akiba: kukaa kwenye kibanda cha mlinzi, getini pa mgodi uleule, akiandika namba za malori yanayotoka na kuingia. Wade alitaka kuwa mwalimu wa fizikia kwenye sekondari ya mji. Alilitaka jambo hilo kwa nguvu iliyomtisha, kwa kuwa tangu aoe hakuwahi kutaka kitu namna hiyo.

Ilipata saa tano. Alikuwa ameukagua kila mstari wa programu, alama moja baada ya nyingine. Kitabu cha darasa kilikuwa wazi mbele yake, na ndani ya kisanduku cha bluu kilisema bila kupepesa: nishati ya sayari na jua lake haibadiliki. Basi kitabu kilikuwa sahihi na Wade Petrich alikuwa amekosea, ila hakujua wapi.

Hapo wazo likamjia. Kama sayari inajipatia nishati isiyo yake katika kila hatua, kwa nini asiinyang'anye? Baada ya kila hatua, programu ipige hesabu ya nishati iliyopo, iilinganishe na ya mwanzo, kisha ipunguze kasi ya sayari kidogo tu, kadiri ya kile kilichozidi. Alichora hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya maji. Ikakubali. Akaiandika, mstari mmoja, wa arobaini na moja, akaiendesha programu.

Sayari ikazunguka. Raundi ya kumi, ya hamsini, ya mia, na haikutikisika. Nishati ikalala chini ya grafu, imenyooka. Wade alijikuta amesimama, mkono mmoja kiunoni, anacheka kwa sauti, na akageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha. Hakukuwa na mtu. Kicheko kikaishia njiani na akakaa tena.

Na alipokaa, woga ukamwingia. Sayari ya kweli haina mtu anayeishika kola kila hatua. Profesa Solheim angeuona mstari ule na kujua mara moja kwamba programu ya Wade ni mbovu, imefungwa kamba ili isianguke. Maelekezo yalitaka grafu na programu vibandikwe pamoja mwishoni mwa ripoti. Basi alihifadhi grafu iliyotengenezwa mstari ukiwemo, kisha akaufuta mstari, akabandika programu bila huo. Kule mgodini, kabla ya kila zamu, dereva alijaza karatasi ya ukaguzi, na mahali pa presha ya breki kila mtu aliandika mia moja na ishirini, hata geji ikisoma mia moja na tano, kwa sababu chini ya mia moja na kumi lori linapelekwa gereji na dereva anakaa benchi zamu nzima. Hakuna aliyeita jambo lile uongo. Liliitwa kujaza karatasi.

Akaandika ripoti mchana ule wote: lengo, nadharia, njia, matokeo. Kwenye sehemu ya makosa, ambayo maelekezo yalitaka iwe ndefu kuliko zote, aliandika sentensi mbili. Programu ilihifadhi nishati kama nadharia inavyotarajia. Hakuna kosa la maana lililoonekana.

Janelle alirudi saa kumi na moja jioni na mfuko wa mikate ya jana. Alipoiona duara kwenye kioo alitupa mfuko kwenye kaunta, akamkumbatia kwa nyuma, kwa uangalifu, pale juu ya mkanda.

"Uliwauliza?"

"Niligundua mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Janelle akapiga picha ya grafu na kumtumia Cody, akaandika chini yake, baba yako ameishika sayari. Wakala pai ya nyama. Wade alikula kidogo na kusema kiuno kinamsumbua.

Alhamisi asubuhi ujumbe wa profesa ulikuja. Ulikuwa wa mistari miwili: Bwana Petrich, tafadhali fika ofisini kwangu kesho Ijumaa saa nane mchana, uje na laptopu yako. Ni kuhusu ripoti. Wade aliusoma akiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya chuo, akausoma tena alipoingia jengoni, akaiweka simu mfukoni na kuelekea darasani.

Wanafunzi walikuwa koridoni, wamekaa sakafuni miguu imenyooshwa, wakingoja chumba kifunguliwe. Walikuwa wanaongea juu ya ripoti. Kijana mmoja aitwaye Bryce alisema yake ilipofika raundi ya kumi iliaga ulimwengu wote. Mwingine akasema yeye alizigawa hatua zake nusu na kosa likapungua karibu nusu, na hilo ndilo aliloliandika, kurasa nne nzima, kwenye sehemu ya makosa. Mwingine akasema kwamba profesa hufanya hivi kila mwaka, hasemi kitu, anawaachia njia mbovu makusudi ili washtuke.

"Mimi sikushtuka, mimi nililia," alisema Kenzie. "Jumanne ile nililia kabisa, nikajua nimeharibu. Mpaka Bryce alipotuma yake kwenye kundi."

Wakacheka. Wade alikuwa amesimama kwenye bomba la maji ya kunywa, amelibonyeza, maji yanatoka na hanywi. Kumi na tisa. Sayari zote kumi na tisa zilikuwa zimetoroka. Njia waliyofundishwa ilikwenda kwa hatua zilizonyooka kwenye mzunguko uliopinda, kwa hiyo katika kila hatua ilikanyaga kidogo nje, na kidogo kile kikajumlishwa. Kutoroka kule ndiko kulikuwa matokeo. Kulieleza kosa lile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na yeye alilichukua kosa akalifuta, akaandika kwamba halipo.

"Mzee," Kenzie akamwita. "Yako ilitoka kiasi gani?"

Miezi mitatu alikuwa hajaulizwa kitu na mtu yeyote katika korido ile.

"Arobaini na tatu," alisema Wade.

"Mimi pia! Arobaini na tatu kabisa. Bryce, umesikia? Sawasawa na ya mzee."

Wakamtazama wote kwa uso mkunjufu, na mmoja akajisogeza ukutani kumwachia nafasi. Wade alisema amesahau kitu ndani ya gari. Akatoka nje, akakaa garini mpaka kipindi kikaisha, na hakulia. Kitu kilichomuuma zaidi ya ripoti ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Angemuuliza mtu mmoja. Sekunde tano.

Jioni ile alimwambia Janelle yote, meza ikiwa bado na vyombo. Alimchorea duara mbili juu ya bahasha, inayotoroka na inayorudi, na kumweleza ipi aliibandika na mstari upi aliufuta. Janelle alisikiliza, akauliza swali moja tu: profesa ameliona vipi. Wade akasema ni lazima aliiendesha programu aliyoibandika, na programu ile haitoi grafu ile, hata uiendeshe mpaka kesho kutwa.

"Basi sema ulibandika faili la zamani," alisema Janelle. "Watu wanakosea faili kila siku, Wade. Mimi mwenyewe nilimtumia meneja picha ya mbwa badala ya karatasi ya daktari."

Alishafikiria hilo. Alilifikiria garini, na lilikuwa uongo mzuri, umekaa sawa kila upande. Angefungua laptopu, angeonyesha faili lenye mstari, angesema pole, profesa, hili ndilo lenyewe. Angepewa alama za sayari inayorudi. Aliyasema hayo kwa sauti, na Janelle akaanza kukusanya sahani akiona jambo limekwisha.

"Unakumbuka ulivyokuwa unamlaani yule fundi wa gereji," Wade akasema.

"Nani, Hogue? Bado namlaani. Aliliachia lori lako litoke na breki mbovu, likakuumiza kiuno."

"Hogue hakuliona kabisa lile lori. Halikufika gereji. Karatasi niliijaza mimi."

Janelle akasimama na sahani mkononi.

"Geji ilisoma tisini na nane," alisema Wade. "Nikaandika mia moja na ishirini. Barafu ilikuwepo pale kwenye mteremko, lakini barafu ilikuwepo kila siku."

Kwa miaka mitatu hakuwa amemwambia mtu, si daktari, si Bi Teasdale, si mkewe. Si kwamba aliapa kuficha. Siku ya kwanza hospitalini Janelle aliingia akilia na kusema watu wale wamekuua, naye alikuwa na dawa za maumivu kichwani, hakubisha. Siku ya pili ilikuwa vigumu zaidi kubisha, na ya tatu ndiyo hivyo tena. Sasa alingoja Janelle apige kelele. Janelle aliziweka sahani kwenye sinki, akafungua maji, akayafunga.

"Miaka mitatu nimekuvalisha soksi," alisema, bila kugeuka. "Kila asubuhi. Na hukuona mimi ni mtu wa kuambiwa."

Akapangusa mikono, akaingia chumbani kwao na kufunga mlango. Hakumwambia Wade aseme nini kesho kwa profesa. Wade akabaki mezani na duara zake mbili.

Asubuhi alivaa soksi mwenyewe. Ilimchukua robo saa na jasho lilimtoka. Alipotoka sebuleni, Janelle alikuwa kwenye simu anamwambia meneja kwamba ana shughuli ya kifamilia na ataingia jioni. Alikata simu, akachukua funguo za gari, akasema atampeleka yeye.

Profesa Solheim alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye buti za tope na sweta lililotoboka kwenye viwiko. Ripoti ya Wade ilikuwa mezani, na pembeni yake kompyuta yake ilionyesha sayari ikitoroka. Alimkaribisha, akauliza hali ya kiuno, akasema huenda kuna maelezo mepesi tu. Huenda faili lilichanganywa.

Profesa alikuwa amemwachia mlango wazi namna hiyo. Angeitikia kwa kichwa tu, wala asingefungua kinywa.

"Halikuchanganywa," alisema Wade. "Kulikuwa na mstari. Niliutumia kupata grafu, halafu nikaufuta kabla sijakuletea."

Profesa akamwomba aurudishe, auone. Wade alifungua laptopu yake, akaandika mstari wa arobaini na moja pale ulipokuwa, akaiendesha. Duara ikajichora juu ya duara. Profesa alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akausoma ule mstari mmoja kwa muda mrefu kuliko unavyostahili kusomwa mstari mmoja.

"Uliutoa wapi huu?"

"Jikoni. Sikuutoa popote. Niliona inapata nishati isiyo yake, nikaona niinyang'anye."

"Hukuusoma mahali? Kwenye mtandao?"

"Hapana."

Profesa akavua miwani. "Bwana Petrich, wanafunzi kumi na tisa wameniambia kwamba sayari inatoroka. Wengine wameniambia vizuri sana. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kuirudisha. Kuna watu wana shahada tatu, kazi yao ni kufanya hiki ulichokifanya jikoni kwako, na wameandika vitabu kuhusu wapi kinasaidia na wapi kinadanganya. Ungeuacha huu mstari hapa, ukaandika sentensi tatu tu za kwa nini uliuweka, ningekupa alama za juu kuliko darasa zima."

Wade alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya kawaida, yenye kovu la mgodini kwenye kidole gumba.

"Na sasa?"

"Sasa nakupa sifuri. Uliniletea grafu ya programu moja na programu ya nyingine, ukaandika kwamba hakuna kosa. Kwa kuwa umesema mwenyewe, sitalipeleka kwenye kamati ya nidhamu. Lakini sifuri ni sifuri." Akaifunua ripoti. "Kwa nini hukuja kuniuliza? Siku kumi na moja, umeandika hapa kwenye kurasa za kazi. Ofisi hii iko wazi kila siku."

"Niliogopa ungejua siwezi," alisema Wade.

Profesa akachukua kalamu, wakapiga hesabu pamoja juu ya ukingo wa ripoti: kazi za nyumbani, ambazo alikuwa hajakosa hata moja, mitihani miwili, sifuri, na mtihani wa mwisho uliobakiza wiki mbili. Ili apate C, alihitaji tisini kwenye mtihani wa mwisho. Profesa aliiandika ile tisini na kuizungushia duara. Hakumdanganya kwamba ni rahisi, na Wade alimshukuru kwa hilo. Walipeana mikono. Mkono wa profesa ulikuwa wa baridi.

Gari lilikuwa limeegeshwa mbali, nyuma ya rundo la theluji chafu, na Wade alitembea polepole kulifuata, laptopu kwapani. Janelle alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono yote miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa. Aliingia, akajikunja kwa maumivu, akafunga mlango. Uso wa mkewe ulikuwa umevimba, na alikuwa hajajipaka chochote kuuficha.

"Ulisema faili?"

"Hapana."

"Amekupa nini?"

"Sifuri. Nahitaji tisini mtihani wa mwisho, ama niende kibandani."

"Umewahi kupata tisini?"

"Sijawahi."

Janelle akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba alioutarajia. Alitia ufunguo, hakuuzungusha. Nje, wanafunzi wawili walipita wanacheka, begi zao mgongoni, wakakata kona.

"Amesema ule mstari ulikuwa mzuri," alisema Wade. "Amesema ningeuacha, ningekuwa wa kwanza. Darasa zima hakuna mwingine aliyeuona."

Hapo ndipo alipolia, kwa aibu, kichwa kimeinama mpaka kidevu kikagusa laptopu, mtu mzima ndani ya gari mchana kweupe. Janelle hakumgusa. Alikuwa bado na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki, na ingechukua muda wake. Alingoja mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akautoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi, akageuka kwenye kiti akamtazama.

"Nieleze huo mstari," alisema.

"Ni hesabu, Janelle. Huta..."

"Nimesema nieleze. Polepole. Nikipotea nitakwambia."

Wade akafuta macho kwa kiganja, akafungua laptopu juu ya magoti na kuigeuza kidogo upande wake. Akaanza na jua. Janelle alipotea kabla ya hatua ya pili, akamwambia, na Wade akarudi mwanzo.